Wasomaji Wanauliza: Ani DiFranco, Mwimbaji Asiye na Tajiri

Katika toleo lililopita, tulipokuwa tukieleza namna wanamuziki wanavyouza kazi zao bila kupitia kampuni kubwa, tulimtaja kwa aya moja tu Ani DiFranco, mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za folki aliyezaliwa mwaka 1970 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, ambaye tangu mwaka 1990 anatoa albamu zake kwa lebo aliyoianzisha mwenyewe. Aya hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yote iliyoibeba. Tumechagua sita, tukazifupisha, na tumezijibu kila moja kwa urefu unaoistahili.

SWALI: Mhariri, mmemwita mwanamke huyu mwimbaji wa folki. Nijuavyo mimi, folki ni nyimbo za asili, zile ambazo mtunzi wake hajulikani, kama nyimbo za jando au za kutwanga. Mtu aliyeketi chumbani kwake akatunga wimbo juzi, akauimba kwa gitaa, anaingiaje katika kundi hilo? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Maana unayoitaja ndiyo ya kwanza: folki ni wimbo uliopokewa mdomo kwa mdomo hadi jina la mtunzi likapotea njiani. Lakini katika miaka ya 1930 na 1940 alitokea Woody Guthrie, mtu wa Oklahoma, aliyechukua tuni za zamani akazitilia maneno mapya kuhusu wakulima waliohamishwa na ukame na vumbi, na kuhusu wafanyakazi waliodhulumiwa ujira. Baada yake akaja Pete Seeger, na kufikia miaka ya 1960 kijana kama Bob Dylan aliitwa mwimbaji wa folki ingawa nyimbo alizoimba alikuwa amezitunga mwenyewe wiki iliyotangulia. Tangu hapo neno hilo linataja zaidi desturi ya uimbaji kuliko umri wa wimbo: sauti moja, gitaa kavu moja, na maneno yanayotangulizwa mbele ya kila kitu. Sisi tusione ajabu sana, kwa maana mshairi wa leo anayetunga kwa vina na mizani hatumwambii kwamba hayumo katika mapokeo eti kwa kuwa Muyaka bin Haji alikwisha kufa.

DiFranco aliingia uwanjani humo kwa mlango wa kawaida. Akiwa na miaka tisa alipata gitaa na mwalimu, Michael Meldrum, mwanamuziki wa folki wa Buffalo, ambaye hakumfungia ndani na mazoezi bali alimchukua akapige naye katika baa za mjini. Alipofika miaka 15 alikuwa tayari anaishi kwa kujitegemea. Hata hivyo, rika lake lilikuwa rika la muziki wa panki, na picha ya jalada la albamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1990, inamwonyesha akiwa amenyoa nywele karibu zote. Ukimsikiliza unakuta maneno ya folki, yenye kisa na mtu ndani yake, yakisukumwa kwa kasi na hasira ya panki. Ama lile neno "indi" linaloambatanishwa naye, ambalo siku hizi hutumiwa hata kwa sauti fulani ya upole upole inayopigwa mikahawani, asili yake haikuhusu sauti kamwe. Lilimaanisha kwamba mwenye rekodi si kampuni kubwa.

SWALI: Mimi napiga gitaa kavu kanisani, kwa kidole gumba na cha shahada, kama wazee wetu wa Katanga walivyotufundisha. Nimemtazama DiFranco kwenye video akipiga peke yake, lakini ninasikia kama kuna mpiga besi na mpiga ngoma nyuma ya pazia. Anafanyaje? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Umeuliza swali ambalo tulitamani kuulizwa. Hakuna mtu nyuma ya pazia. Kuna vidole vitano vilivyovishwa silaha. DiFranco hubandika kucha za bandia za plastiki, zile zile zinazouzwa kwa mapambo, kwenye vidole vya mkono wa kulia, kisha huzizungushia utepe mweusi wa kufungia nyaya za umeme ili zisichomoke. Nilijaribu mwenyewe, kwa kucha za dukani na gitaa la kuazima. Kwa gundi peke yake nilifika ubeti mmoja na nusu, kisha kucha ya kidole cha kati ikaruka na kuangukia kikombe cha chai. Nilipozungushia utepe zilishika barabara, lakini vidole vikawa vizito kama vimefungwa bendeji, na ndipo nikaelewa kwamba mtu aliyevaa hivyo hawezi tena kubembeleza nyuzi. Ni lazima azipige.

Hapo ndipo tofauti yake na wazee wako inapoanzia. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, alipiga kwa namna ambayo kila uzi unasikika peke yake, safi, kidole gumba kikitembea chini na cha shahada kikijibu juu. DiFranco naye anakitumia kidole gumba kama mpiga besi, lakini anachotafuta kwa vidole vingine ni mshindo. Huuvuta uzi kwa nguvu kiasi kwamba unaporudi unagonga shingo ya gitaa, na mgongano huo ndio ngoma unayoisikia. Papo hapo kiganja cha kushoto huzizima nyuzi zote kwa ghafla, na katika ule ukimya wa nusu pumzi ndipo anapotia neno analotaka lisikike. Wasikilizaji wengi husifu kasi yake. Mimi naona ufundi wake mkubwa uko katika kunyamaza. (Kwa kuwa umeitaja Katanga, huenda ukapenda kujua kwamba Mwenda alialikwa mwaka 1969 katika tamasha la folki la Newport, Marekani, akaimba Kiswahili jukwaani pale pale ambapo Bob Dylan na mwimbaji mwenzake Joan Baez walikuwa wamejipatia jina.)

Jambo la tatu ni namna ya kutyuni. Mara nyingi haliachi gitaa katika mpangilio wa kawaida. Huulegeza uzi mnene wa chini ili upate besi nzito zaidi, na huzibadilisha nyuzi nyingine ili akigusa kwa vidole viwili tu vya mkono wa kushoto apate kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, ambayo wewe ungehitaji vidole vinne kuishika. Kwa sababu hiyo jukwaani huwa na magitaa kadhaa, kila moja limetyuniwa kwa kundi lake la nyimbo, na mpiga gitaa anayejaribu kumfuatisha kwa macho tu, bila kujua jinsi nyuzi zilivyotyuniwa, hujikuta anaweka vidole mahali pake sawasawa huku gitaa linalia wimbo mwingine kabisa.

Na kwa nini ajitese hivyo? Amesimulia mara nyingi kwamba alijifunzia kazi katika baa ambamo watu walikuja kunywa na kuzungumza, si kumsikiliza yeye, na kwamba gitaa la kubembeleza halikuweza kuwanyamazisha. Mtindo huo ulitokana na kelele za meza ya tatu. Gharama yake ilikuja baadaye: mwaka 2005 kano za mikono yake ziliuma hadi ikambidi aache kwa miezi kadhaa ziara alizokuwa akizifanya karibu bila kupumzika. Kwa hiyo, ndugu yetu, ukitaka kumwiga, anza polepole, na usiwe unatundika kucha hizo kila Jumapili.

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 22 na natunga nyimbo zangu mwenyewe. Mwenye studio moja hapa mjini amesema atanirekodia nyimbo kumi bila kunitoza hata shilingi, ila masta zote, yaani rekodi zenyewe, zitabaki kuwa zake daima. Rafiki zangu wananiambia nikatae, nifanye kama huyo Ani DiFranco. Je, alifaidika kweli, au ni hadithi tu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Alifaidika kweli, lakini rafiki zako wamekusimulia nusu ya pili ya kisa na kuiacha ya kwanza.

Nusu ya kwanza ni hii. DiFranco hakuanza kwa lebo. Alianza kwa watu. Alihama Buffalo akaenda jijini New York akiwa bado hajatimiza miaka 20, akapiga popote alipopewa kiti, kisha akawa anaendesha gari mwenyewe kutoka mji mmoja hadi mwingine, hasa kwenye vyuo, ambako wanafunzi walimwuliza baada ya onyesho kama ana kaseti ya kuwauzia. Kaseti ilirekodiwa kwa sababu waliokuwa tayari kuinunua walikuwa wamesimama mbele yake. Wanafunzi hao wakaichukua likizo, wakairudufu, wakampa binamu, na alipofika mji wa binamu akakuta ukumbi una watu. Lebo ilipoanzishwa, kwanza kwa jina la Righteous Records na kisha, kuanzia mwaka 1994, Righteous Babe, ilikuwa na kazi moja tu: kutengeneza na kufikisha kitu ambacho tayari kilikuwa kinaulizwa. Kampuni kubwa zilimfuata baadaye na mikataba yao, naye akazikatalia.

Sasa fedha. Mwanamuziki aliyesaini na kampuni kubwa katika miaka hiyo ya 1990 alipewa kitangulizi, ambacho watu walikiona kama zawadi, kumbe ni mkopo. Kampuni ilijilipa kwanza gharama za studio, za video na za matangazo kutoka katika fungu lake dogo la mauzo, na wengi waliuza mamia ya maelfu ya nakala bila kuona senti zaidi ya kile kitangulizi. DiFranco hakuwa na kitangulizi wala deni. Mwaka 1997 jarida la wanawake la Ms. la Marekani lilipomsifu, lilitaja kwamba kila albamu inayouzwa humwachia faida ya dola 4.25, na likamlinganisha na wanamuziki mashuhuri kuliko yeye waliopata pungufu ya hapo kwa kila nakala. Labda ungetarajia kwamba alifurahi. Aliliandikia jarida hilo barua ya wazi ya kulalamika. Alisema amejitahidi miaka yote kuukimbia mtego wa mashirika makubwa, na sasa watu wanaotetea haki za wanawake wanampima kwa hesabu zile zile za mashirika. Akaomba kwamba akifa, kaburi lake lisiandikwe kuwa hapa amelala mkurugenzi mkuu, bali mtunzi wa nyimbo.

Barua hiyo naiheshimu, lakini wewe ambaye hujapata hata dola moja unayo haki ya kuiangalia ile 4.25 kwa makini. Ndani yake kulikuwa na kazi ambayo kampuni ingeifanya: kupokea simu, kufunga vifurushi, kubishana na mwenye kiwanda cha diski, kudai maduka yaliyochelewa kulipa. Alipokua aliajiri watu wa mji wake, na kazi za uchapaji na za kutengeneza fulana akazipeleka kwa mafundi wa Buffalo hata pale ambapo mbali kungekuwa rahisi zaidi. Wala hakufanya kila kitu peke yake: ili albamu zifike madukani alitumia makampuni ya usambazaji kama watu wengine. Alichokataa kukitoa ni masta.

Hilo linanileta kwenye mkataba wako. Kuna vitu viwili ambavyo mwenye studio angependa uvione kuwa kimoja. Kuna wimbo, yaani maneno na tuni, ambao ni mali yako tangu ulipoutunga; na kuna masta, yaani ile sauti iliyorekodiwa siku ile kwenye chumba kile. DiFranco aliutoa wimbo wake uitwao "32 Flavors" katika albamu ya mwaka 1995. Miaka miwili baadaye mwimbaji Alana Davis aliurekodi upya chini ya kampuni kubwa, ukaingia katika arobaini bora za Marekani. Rekodi hiyo haikuwa ya DiFranco, lakini utunzi ulikuwa wake. Mfano unaoujua zaidi ni wa Tracy Chapman, ambaye albamu zake zilitolewa na kampuni kubwa ya Elektra: mwaka 2023 Luke Combs alipouimba upya wimbo wa "Fast Car" wa mwaka 1988, Chapman alikuwa nyumbani kwake, na mirabaha ya utunzi ikamfuata huko huko.

Kwa hiyo usiikatae ofa kwa kuwa tu rafiki zako wamekuambia. Rudi kwa mwenye studio umwombe mambo matatu kwa maandishi: kwamba masta ni zake kwa miaka michache inayotajwa kwa tarakimu, si "daima", kwamba utunzi haumo katika mkataba, na kwamba baada ya yeye kurudisha gharama za kurekodi, ambazo ataziandika leo na si kesho, mapato yanagawanywa kwa asilimia inayojulikana. Kabla hujaingia studio, sajili nyimbo zako katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Akikasirika kwa kuombwa hayo, utakuwa umejua unachotaka kujua. Na wakati anafikiri, nenda ukapige mahali palipo na watu, hata kama ni kwenye harusi ya jirani, uone ni wangapi watakaokuuliza kama una wimbo wa kuwatumia kwenye simu.

SWALI: Ni kweli kwamba alinunua kanisa? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Ni kweli. Katika barabara ya Delaware mjini Buffalo kulikuwa na kanisa la zamani la Wamethodisti, la mawe, lililochakaa kiasi kwamba jiji lilitaka kulibomoa. DiFranco na meneja wake, Scot Fisher, walilichukua, wakalikarabati kwa miaka kadhaa, na mwaka 2006 likafunguliwa kwa jina la Babeville. Pale waumini walipokaa pamekuwa ukumbi wa maonyesho, ofisi za lebo zikahamia humo, na sehemu nyingine ikapewa kituo cha sanaa cha Hallwalls. Jengo hilo linaniambia mengi juu ya fedha za lebo hiyo kuliko takwimu yoyote, ingawa yeye mwenyewe alihamia New Orleans.

SWALI: Mbona hamkuandika kwamba mtetezi huyu wa haki alitaka kufanya mafunzo yake katika kasri la mwenye watumwa? Sisi wa pwani tunaujua uzito wa majumba ya namna hiyo. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hatukuandika kwa ufinyu wa nafasi, si kwa kumlinda. Mwishoni mwa mwaka 2013 ilitangazwa kwamba angeendesha mafunzo ya utunzi wa nyimbo huko Nottoway, Louisiana, katika kasri lililojengwa na tajiri wa mashamba ya miwa na kumalizika mwaka 1859, mtu aliyemiliki watumwa 155. Wanawake weusi waliokuwa miongoni mwa wapenzi wake wa siku nyingi walipinga kwa nguvu. Mafunzo yakafutwa, lakini tamko la kufutia lilikuwa refu na la kujitetea, likamharibia zaidi ya kosa lenyewe. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 2014, alitoa la pili, fupi, lisilo na lakini, akaomba radhi. Mimi naona mtu anayeishi kwa maneno alipaswa kuanza na lile la pili. Kasri lenyewe liliteketea kwa moto mwezi Mei 2025.

SWALI: Ana albamu ngapi, na mtu asiyemjua aanzie wapi? (Msomaji, Songea)

JIBU: Albamu za studio pekee zimepita ishirini, na nitakuwa mkweli: si zote zinazosikilizika kwa raha. Zile za mwanzo zilirekodiwa kwa haraka na kwa fedha kidogo, gitaa likisikika kama limefungiwa ndani ya kabati, na zile za katikati wakati mwingine zina vyombo vingi vinavyoficha kile kilichotufanya tumpende. Anza na "Living in Clip" ya mwaka 1997, diski mbili zilizorekodiwa jukwaani, ambamo unamsikia akicheka, akikosea, akiongea na watu, na gitaa likiwa na nafasi yake yote. Ukiipenda, nenda kwenye "Dilate" ya mwaka 1996, ambayo ni chungu zaidi, karibu yote ikihusu mapenzi yaliyompiga vibaya.

Baada ya hapo tafuta mambo mawili ambayo si yake peke yake. La kwanza ni "The Past Didn't Go Anywhere", ya mwaka 1996 pia, ambamo alichukua kanda za masimulizi ya mzee Utah Phillips, mwimbaji wa folki na mtu wa vyama vya wafanyakazi, akazitilia midundo chini yake ili vijana wamsikilize mzee bila kusinzia. La pili ni "Hadestown" ya Anaïs Mitchell, iliyotolewa na Righteous Babe mwaka 2010, kisa cha kale cha Kigiriki kilichogeuzwa nyimbo za folki. DiFranco anaimba sehemu ya Persephone, mke wa mfalme wa kuzimu. Kazi hiyo ilikuja kuwa mchezo wa Broadway mwaka 2019, ikabeba tuzo nane za Tony, na mwezi Februari 2024 DiFranco, akiwa na miaka 53, aliingia katika mchezo huo huo jijini New York kwa nafasi ile ile ya Persephone, akaimba usiku baada ya usiku nyimbo zilizotungwa na mtu mwingine.